Pawa saplai ya kompyuta: plagi kwanza, wati baadaye



Pawa saplai ni lile sanduku la chuma ndani ya kompyuta ya mezani linalopokea stima ya volti 240 na kuigeuza kuwa volti 12, 5 na 3.3. Likiharibika, mwenye saiba hukimbia Nyeri mjini, akanunua lenye wati nyingi, kisha akarudi na kukuta plagi haziingiani. Nauli imekwenda, na wateja waliotaka kujaza ritani za KRA kabla ya Juni 30 wamehamia kwingine.

Wati ni muhimu, lakini plagi hutangulia. Plagi kubwa kabisa ni ya madabodi, yenye pini 24. Kompyuta za zamani zina 20. Ya pili hulisha prosesa: ina pini 4 au 8, na mara nyingi imeandikwa CPU. Kadi ya grafiki, ikiwa inahitaji waya wake, hutumia pini 6 au 8 zilizoandikwa PCI-E. Hizi mbili za pini 8 hufanana, ila volti 12 na ethi zimepangwa kinyume. Plagi inayokataa kuingia isilazimishwe. Diski za sasa hutumia plagi bapa ya SATA.

Wenye kompyuta za ofisi zilizotumika ng'ambo wawe waangalifu zaidi. Baadhi ya Dell na HP hutumia plagi ya madabodi yenye pini 8 au 6, na sanduku lake lina umbo la pekee. Hapo mnunuzi atafute sanduku lenye nambari ileile iliyo kwenye kibandiko cha lile la zamani.

Hatari kubwa iko kwenye masanduku ambayo nyaya zake huchomoka. Upande wa diski plagi ni sawa, lakini upande wa sanduku kila mtengenezaji hupanga pini kivyake. Waya wa zamani ukichomekwa kwenye sanduku jipya, volti 12 zinaweza kufika mahali pa volti 5 na diski ikaungua. Sanduku hununuliwa tena. Hesabu za chama, rekodi za maziwa na alama za wanafunzi hazina duka. Nyaya za zamani ziondolewe zote.

Sanduku likiwa na swichi ya 115 na 230, iwekwe 230 kabla ya kuwasha.

Basi, kabla ya kupanda matatu, mwenye kompyuta azime stima na kuchomoa waya ukutani, apige picha ya kila plagi na kibandiko, ahesabu pini, kisha abebe sanduku la zamani dukani. Asilifungue, kwani hubaki na umeme ndani hata likiwa limechomolewa. Alinganishe plagi moja baada ya nyingine, ndipo alipe.