Simu Mezani: Vyombo Vinavyotusaidia Kuiweka Kando



Nimeombwa niseme juu ya simu ndani ya familia. Sitaanza kwa kuwalaumu vijana, maana sisi wazazi nasi tunakula huku kidole kiko kwenye kioo.

Mwaka 2014 UNICEF nchini Marekani iliendesha kampeni ya Tap Project. Mtu alifungua ukurasa kwenye simu yake, kisha akaiweka bila kuigusa. Kwa kila dakika 10 alizostahimili, mfadhili alilipia maji safi ya siku moja kwa mtoto mhitaji. Mwaka huohuo kampuni moja ya Taiwan ilitoa programu iitwayo Forest. Unapanda mche kwenye kioo, nao unakua wakati umeiacha simu. Ukitoka kwenda kuchungulia ujumbe, unakauka. Sarafu za humo zimegeuzwa miti ya kweli kupitia shirika la Trees for the Future, linalofanya kazi na wakulima wa Afrika, wakiwamo wa Kenya na Tanzania.

Hawa hawakumwambia mtu "acha simu" tu. Walimpa kitu cha kutunza. Lakini mwaka 2015, huko Australia, Dolmio walitengeneza kisagio cha pilipili manga ambacho mzazi akikizungusha wakati wa chakula, kilikata intaneti na kuzima vifaa vya nyumbani. Kinachekesha, ila mimi sikipendi. Mmoja anawazimia wengine, na watoto hawajakubaliana na lolote.

Kwetu liko jambo zito zaidi. Simu ndiyo pochi, na ndiyo inayoleta habari za mgonjwa usiku. Mzazi akiambiwa azime atakataa, na ana haki. Basi tusizime. Simu nyingi za kisasa zina mpangilio wa Usinisumbue: ujumbe unanyamazishwa, namba mlizochagua zinapita, na mkipanga hivyo, anayepiga mara mbili mfululizo atasikika pia. Muupange familia nzima, watoto wachague saa, na simu ya baba iingie kapuni kwanza.

Wafadhili mmeuliza kama tunahitaji fedha za kutengeneza programu mpya. Kwa sasa hapana. Mpangilio huu umo tayari kwenye simu, na kapu liko jikoni. Kinachokosekana ni nauli za wahamasishaji wa kwenda vigangoni.

Naomba kila kamati ipate familia tano za kujaribu kwa mwezi mmoja, saa ya chakula cha jioni, na itueleze katika kikao kijacho walioshindwa walikwama wapi.