Mchele Mmoja, Mapishi Mbalimbali

Mazungumzo kwa wanakisomo wa Ikola



Leo tuzungumze juu ya wali. Hapa ziwani chakula chetu cha kila siku ni ugali kwa dagaa na migebuka. Wali wengi wetu tunaupika siku ya mgeni, ya harusi au ya sikukuu. Na kila mtu ana lake. Huyu anataka wali wa kuchambuka. Yule anapenda bokoboko. Watoto wanagombea ukoko. Basi wali ukitoka laini, mama anasemwa mbele ya watoto wake: "Wewe hukufundwa kupika!" Je, hiyo ni haki?

Tuwaangalie wenzetu. Watu wa pwani wanaupika wali kwa tui la nazi. Wajapani wanapenda wali unaoshikana, nao wanakula kwa vijiti viwili. Waomani wanaweka wali na nyama katika sinia moja, watu wanaizunguka na kula kwa mkono. Kule Irani ukoko ni chakula cha heshima, anapewa mgeni. Watu wa Madagaska wanakula wali asubuhi, mchana na jioni. Ukoko wanautilia maji, wanauchemsha, kisha wanayanywa maji hayo. Mnaona? Kinacholaumiwa nyumba hii, kwingine ndicho kinachosifiwa.

Tena si kosa la mpishi kila mara. Iko mbegu ya mpunga inayoshikana, na iko inayochambuka. Hata mchele mpya unashikana kuliko ule uliokaa ghalani.

Wali ni chakula cha zamani katika pwani yetu. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika Mogadishu, akaandaliwa wali uliopikwa kwa samli. Katika karne ya 19 wafanyabiashara Waswahili na Waarabu walivuka ziwa hili letu, wakalima mpunga ng'ambo, huko Maniema. Kila ulikofika, watu waliupika kwa namna yao.

Basi katika ladha tusigombane. Lakini liko jambo moja ambalo halichagui kabila wala ladha. Nalo ni kiporo.

Katika mchele vimo vijidudu ambavyo vingine havifi kwa kupikwa. Wali ukilala chunguni katika joto letu hili, vinazaliana na kutoa sumu. Asubuhi tunaupasha moto mpaka unafuka moshi, tukidhani umekuwa salama. Kumbe sumu ile haiondoki kwa moto! Watu wanatapika, wanaharisha, halafu tunamtafuta mchawi.

Kwa hiyo tupike wali wa kututosha. Tuule ungali wa moto. Asiye na jokofu asiulaze. Kutupa chakula kunauma, lakini kuuguza mtoto kunauma zaidi.

Jirani asiyejua kusoma, tumsomee haya leo hii, kabla hajafunika chungu chake.