Vidole Vikikaza Asubuhi, Damu Inasema Nini?

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)

Mmeniomba niseme juu ya ule ugonjwa wa viungo tunaouita baridi yabisi. Nitaanza na mama mmoja wa kikundi cha kusuka vyondo. Jina lake sitalitaja.

Mama huyu alianza kuchelewa kazini. Vidole vyake vilikuwa vimevimba, na havikukunjika mpaka saa nne asubuhi. Wenzake wakasema amekuwa mvivu. Wengine wakanong'ona kwamba amerogwa. Akauza mbuzi, akaenda mjini kupimwa damu. Karatasi ikasema "hasi". Akarudi nyumbani akiamini kwamba hana ugonjwa wowote. Alipokuja kupata daktari wa kumshika mikono na kuitazama vizuri, vidole vilikuwa vimeshapinda. Na vidole vikishapinda, dawa haivinyooshi tena.

Sasa, kwa nini karatasi ilisema hasi?

Mwili una askari wake. Askari hao ni protini zilizomo ndani ya damu, na kazi yao ni kukamata viini vya magonjwa. Katika ugonjwa huu askari wanakosea adui. Wanashambulia utando ulio ndani ya viungo. Utando unavimba, halafu unaanza kula gegedu na mfupa. Si uchawi, si uvivu, wala si maji baridi ya mtoni. Wanawake huupata zaidi kuliko wanaume, na sigara huongeza hatari.

Daktari hutazama protini za damu kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni kutafuta kama kuna uvimbe mwilini. Katika kipimo cha ESR, damu hutiwa ndani ya mrija mwembamba uliosimama wima. Baada ya saa moja wanaangalia chembe nyekundu zimeshuka milimita ngapi. Kukiwa na uvimbe, protini fulani huongezeka, chembe zinashikana kama sarafu zilizopangwa, na zinashuka haraka. Kipimo cha CRP kinapima protini inayotengenezwa na ini, iliyotambuliwa mwaka 1930 katika damu ya wagonjwa wa nimonia. Vipimo hivi viwili ni kama moshi: unajua kuna moto, lakini hujui ni nyumba ya nani inayoungua. Hata kifua kikuu huvipandisha.

Njia ya pili ni kuwatafuta wale askari waliokosea. Mmoja huandikwa RF. Erik Waaler wa Norwe aliandika habari zake mwaka 1940, na Harry Rose wa Marekani akazithibitisha mwaka 1948. Huyu ni askari anayemkamata askari mwenzake! Lakini sikilizeni: katika wagonjwa 100, wenye RF ni kama 70 hadi 80. Hao wengine wanaumwa kweli, na karatasi inasema hasi. Mama yetu alikuwa mmoja wao. Tena wako wazee wenye afya, na wagonjwa wa kifua kikuu au homa ya ini, ambao wana RF bila kuwa na baridi yabisi.

Kipimo kipya zaidi ni anti-CCP, kilichoanza mwishoni mwa miaka ya 1990. Hiki kikisema "ndiyo" ni mara chache kinakosea, na chaweza kuonyesha dalili miaka kadhaa kabla ya maumivu. Lakini nacho kikisema "hapana", usitulie kama bado umevimba.

Tena tusichanganye ugonjwa huu na jongo, ambalo wengi huliita gauti. Hilo huletwa na asidi ya yuriki, na mara nyingi huanza ghafla kwenye kidole gumba cha mguu. Kuacha nyama peke yake hakuponyi baridi yabisi.

Basi shikeni neno moja: damu ni shahidi, siyo hakimu. Hakimu ni daktari anayesikiliza, anayeshika viungo, halafu anasoma karatasi. Mwende kwake mapema mkiona vidole vya mikono au miguu vimevimba pande zote mbili, vinakaza asubuhi kwa nusu saa au zaidi, na hali imeendelea wiki sita. Dawa za kuzuia viungo visiharibike zipo. Mojawapo, methotreksati, humezwa mara moja kwa wiki, siyo kila siku, na mama mjamzito haimezi kabisa. Kwa hivyo si dawa ya kujinunulia. Daktari lazima akupime damu kila mara.

Na sisi kikundi je? Tusimcheke mwenzetu. Tumpe kazi isiyoumiza vidole. Mfuko wetu umsaidie nauli ya kumrudisha kliniki, na atunze karatasi zote za vipimo. Mbuzi wa yule mama hakupotea bure kama sisi tumejifunza.

Maswali ya kujadili kikundini:
1. Je, kuna mwenzetu tuliyemwita mvivu kumbe anaumwa?
2. Akiambiwa "hasi" na bado amevimba, tutamshauri nini?
3. Mfuko wetu unaweza kumsaidia vipi?