Nafasi ya Mwisho ya Mtihani

Kudisko nchini Ujerumani kuna uzito ambao wengi hatuujui. Mwanafunzi akifeli mtihani wa lazima katika nafasi yake ya mwisho, ambayo mara nyingi ni ya tatu, haondolewi chuoni kwake tu. Kwa kozi hiyohiyo, hufungiwa milango ya karibu kila chuo kikuu nchini humo. Ndiyo maana wengine hukimbilia mahakama ya utawala, wakishika Ibara ya 12 ya Katiba ya mwaka 1949, inayolinda uhuru wa kuchagua kazi na mahali pa kuisomea.

Mahakama hazijafuta ukomo wenyewe. Kilichobanwa ni usahihishaji. Tarehe 17 Aprili 1991, Mahakama ya Katiba iliyoko Karlsruhe iliamua kwamba jibu linaloweza kutetewa kwa hoja nzito lisihesabiwe kosa. Kwangu mimi, hiyo ni ngao kubwa kuliko kuongezewa nafasi ya nne.

Kinachoniuma ni suala la ugonjwa. Mtahiniwa anayeumwa anatakiwa ajitoe mara moja na kuleta cheti cha daktari. Akisubiri matokeo yatoke, kwa kawaida amechelewa. Kwa mguu uliovunjika, sawa. Lakini sonona inaweza kumnyima mtu hata uwezo wa kutambua kwamba anaumwa, na huyo ndiye anayefika mbele ya jaji mikono mitupu. Vyuo vimwite na kumsikiliza kabla hajapewa karatasi ile ya mwisho, si baada ya barua ya kumfukuza.