Nani Ampeleleze Polisi? Hoja ya Kuwafikishia Wabunge Wetu



Nimepewa mada ya uwajibikaji wa polisi. Naanza na majirani zetu sisi wa Mugeta, watu wa Nyamuma wilayani Serengeti, kwa kuwa shauri lao linaonyesha wazi mahali sheria yetu inapokatikia.

Oktoba 2001 wananchi wa Nyamuma walihamishwa kwa nguvu, ikidaiwa wamo ndani ya Pori la Akiba la Ikorongo. Nyumba zikachomwa moto. Mwanakijiji mmoja na wenzake 134, wakisaidiwa na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, wakapeleka malalamiko yao Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Waliolalamikiwa ni Mkuu wa Wilaya na Mkuu wa Polisi wa Wilaya. Desemba 2004 Tume ikawapa ushindi wanakijiji, ikapendekeza walipwe fidia. Serikali ikagoma. Shauri likaingia Mahakama Kuu, likapanda hadi Mahakama ya Rufani, Rufaa ya Madai Namba 88 ya mwaka 2006. Hesabuni wenyewe. Nyumba imeungua 2001, na miaka mitano baadaye mawakili bado wanabishana kama mahakama ina uwezo wa kutekeleza ilichosema Tume.

Siilaumu Tume. Ipo kwa mujibu wa ibara ya 129 ya Katiba, na kwa Nyamuma ilifanya kazi yake. Tatizo ni sheria iliyoiunda, Namba 7 ya 2001. Tume ikimaliza uchunguzi, inatoa mapendekezo, na anayepelekewa mapendekezo hayo ni serikali ileile iliyolalamikiwa.

Nyamongo, wilayani Tarime, mnaijua. Mei 16, 2011 polisi waliua watu kwa risasi huko, katika mgodi wa North Mara. Mwaka 2013 baadhi ya wananchi waliojeruhiwa au kufiwa katika matukio ya mgodini walifungua kesi London dhidi ya kampuni ya African Barrick Gold, na 2015 wakamalizana nje ya mahakama. Yaani mtu wa Tarime alilazimika kutafuta haki ng'ambo, na hata huko aliyeshtakiwa ni kampuni. Aliyefyatua risasi hakuguswa na kesi hiyo.

Askari huwa wanafungwa, nakubali. Aliyemuua mwandishi Daudi Mwangosi kijijini Nyololo, Septemba 2, 2012, alihukumiwa miaka 15 mwaka 2016. Lakini pale palikuwa na waandishi wenye kamera. Mchunga ng'ombe akipigwa usiku porini, kamera atatoa wapi? Na atakapokwenda kulalamika, atalalamika kituo kilekile.

Nisieleweke vibaya. Mwizi wa ng'ombe mwenye bunduki tunamjua, na askari anayekwenda kumfuata usiku anahatarisha maisha yake. Askari huyo naye akisingiziwa, anahitaji mpelelezi asiye bosi wake.

Kwa hiyo wabunge tuwaombe, kwanza kabisa, sheria ya chombo huru cha kupeleleza polisi. Ukivuka mpaka pale Sirari tu unakikuta: Kenya ilitunga sheria yake mwaka 2011, ikaunda IPOA. Hakijamaliza mauaji. Juni 2025 Albert Ojwang, aliyekamatwa Homa Bay, alifia mikononi mwa polisi jijini Nairobi. Polisi walisema alijigonga ukutani. Uchunguzi wa mwili ukakanusha, IPOA ikapeleleza, na askari wakapandishwa kizimbani mwezi huohuo.

Pili, maamuzi ya Tume yasajiliwe mahakamani na kukaziwa kama hukumu. Tatu, Sheria ya Uchunguzi wa Vifo ya mwaka 1980 itumike. Inampa hakimu kazi ya kuchunguza, hadharani, kifo cha aliyefia kizuizini. Hili la tatu linahitaji bajeti na msukumo tu, wala halingoji muswada.

Liko pia suala la ubaguzi. Wenzetu Marekani, baada ya George Floyd, Mmarekani Mweusi, kuuawa na polisi Mei 2020, walidai watu wa rangi zote watendewe haki, na jimbo la Colorado likatunga sheria ya kuwawajibisha polisi Juni ya mwaka huohuo. Kwetu anayeonewa hatambuliwi kwa rangi. Anatambuliwa kwa lafudhi, kwa ukoo, kwa mifugo aliyonayo. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza kumbagua mtu kwa kabila au mahali atokako. Msako unaofagia kitongoji kizima kwa sababu mwizi ni wa ukoo fulani unavunja ibara hiyo, hata kama ng'ombe wamepatikana.

Bajeti ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi husomwa Dodoma katika mkutano wa Bunge unaoanza Aprili. Napendekeza kila kijiji kiandike barua moja, yenye muhuri na muhtasari wa mkutano mkuu, tumkabidhi mbunge mkononi kabla hajasafiri. Humo tumuulize jambo moja: wanakijiji wa Nyamuma wangeshinda leo, wangelipwa kwa kifungu gani cha sheria?