Kutoka Hesabu za Kahawa hata Kamera



Katika kitabu hiki cha miaka 10 ya Ushirika wetu mtaona picha nyingi: ghala, mizani, na nyuso za wakulima. Twaomba ruhusa kunena machache juu ya kazi ya picha, kwa kuwa mtu mmoja aliyesifika ulimwenguni kwa kazi hiyo aliifikia kwa njia ya kahawa.

Naye ni marehemu Bwana Sebastião Salgado, aliyezaliwa Aimorés, nchini Brazili, mwaka 1944, akafariki mwaka 2025. Alisomea uchumi, wala si picha. Mwaka 1969 yeye na mkewe, Bibi Lélia, walihamia Ufaransa, kwani nchi yao ilikuwa chini ya utawala wa kijeshi. Mwaka uliofuata Bibi Lélia, aliyekuwa akijifunza usanifu wa majengo, alinunua kamera kwa masomo yake. Mumewe akaishika, akaipenda.

Baadaye aliajiriwa mjini London na Shirika la Kimataifa la Kahawa, akatumwa Afrika kwa kazi za maendeleo ya kilimo. Kamera ile alisafiri nayo. Akaona ya kuwa picha alizorudi nazo zilimfurahisha kuliko taarifa alizopaswa kuandika. Mwaka 1973, akiwa na umri wa miaka 29, aliacha mshahara mwema, akaanza upya.

Twajua uzito wa jambo hilo. Mzazi auzaye kahawa ili mwanawe asome hesabu, kisha mwana aseme ataka kupiga picha, hukosa usingizi. Lakini elimu ile haikupotea. Mwaka 1993 alitoa kitabu kikubwa juu ya watu wa kazi za mikono: wachimba dhahabu wa Serra Pelada, wakata miwa, wachuma chai wa Rwanda. Aliyejifunza mali hutoka wapi ndiye aliyejua mahali pa kutazama.

Vitabu vyetu vya hesabu huonyesha kilo na shilingi. Mkono uliochuma hauonekani humo. Kwa hiyo twaomba kila chama cha msingi kitunze picha zake, na nyuma ya kila moja yaandikwe majina, mahali na mwaka, kabla wazee wanaozitambua nyuso hizo hawajatutoka. Na karani kijana aonyeshaye kipaji hicho asizuiwe.

Akiba haiozi, na picha nayo ni akiba.

Ushirika udumu.