Kazi Mpya Ukubwani
Tuseme ulishona viatu miaka kumi, sasa unajenga na kupiga lipu. Mkono umeshauzoea mwiko, lakini kila ukiomba kazi unaulizwa: cheti kiko wapi?

Usikate tamaa. Hapa Tanzania, VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, hurasimisha ujuzi uliopatikana kazini, hata kama hukukanyaga darasa la ufundi. Unaeleza kazi ulizofanya, kisha unapimwa kwa vitendo. Penye upungufu unaelekezwa. Ukifuzu, unapewa cheti.

Anza leo. Orodhesha kazi zako, tunza picha zake, kisha fika chuo cha VETA kilicho karibu nawe ukaulize utaratibu.

Kubadili kazi si kuanza sifuri. Elimu haina mwisho.